Doa Kando ya Kitovu

3 Machi

Dada yangu,

Ukiona bahasha nene usishtuke, hakuna aliyekufa. Habari za misiba tumeziachia simu, kama tulivyokubaliana tangu ile ya mama. Ndani kuna picha mbili nilizozibana katikati ya vipande vya boksi la viatu zisikunjike. Ningezituma kwa simu zingeminywa mpaka mikono ikapotea, na mikono ndiyo picha yenyewe.

Nimeipata, Dada. Ile galaksi niliyokuchosha nayo tangu mwaka jana. Nikishuka kwenye kreni naoga, nakula, nalala saa mbili tatu, kisha napanda juu ya paa na darubini yangu. Naipiga picha ya dakika tatu, halafu nyingine, halafu nyingine, mpaka zinafika mia na ishirini, ndipo kompyuta inazilaza zote pamoja zikawa picha moja. Ukiitazama moja peke yake ni ukungu tu. Zikishalaliana inatokea: kitovu cheupe katikati na mikono miwili inayojizungusha kama uji ambao mwiko umetolewa sasa hivi. Mwanga ule ulianza safari kabla hajazaliwa binadamu yeyote, ukaja kuishia kwenye paa letu, kando ya tangi la maji. Wifi yako aliitazama akasema, "Kumbe ndiyo hii inayonilaza peke yangu miezi minne?"

Sasa shida. Kuna doa. Kushoto kidogo ya kitovu, la kijivu, ukubwa wa punje ya mtama. Kwenye kompyuta silioni. Lakini nikichapisha picha na kuikagua kwa kile kioo cha baba cha kutengenezea saa, lipo. Nakipachika jicho la kulia kama alivyofanya yeye, nafumba la kushoto, na doa hilo hapo. Nimesafisha kioo cha darubini, nimepuliza vumbi kwenye kamera, nimebadilisha karatasi, nimemgombeza mwenye duka la kuchapisha mpaka akaniuliza kama nimekuja na polisi. Doa halitoki.

Nakutumia wewe kwa sababu kazi yako ni hiyo. Unaona ufa kwenye mfupa ambao daktari mwenyewe kaupita. Ziweke kwenye ile taa yako ya ukutani, uniambie doa ni la karatasi au la kamera. Hata hilo si lazima. Niambie tu kama unaliona. Kitu kidogo hivi, na wiki nzima sina kingine ninachokitazama.

Mdogo wako,
Bundi

*

9 Machi

Mdogo wangu,

Jina lako hilo usiliandike tena nyuma ya bahasha. Karani wa vifurushi aliishika kwa ncha za vidole, akaniuliza kama barua za bundi huwa zinaleta heri.

Nilingoja mgonjwa wa mwisho aondoke, nikafunga mlango wa chumba cha eksirei, nikazima taa zote nikabakisha ile ya ukutani. Mimi nimezoea mbavu na magoti. Nilipoiweka picha yako pale nilikaa kwenye kiti cha wagonjwa nikasahau kwenda nyumbani. Ni nzuri, Bundi. Sikujua kwamba unafanya kitu kizuri namna hii, nilidhani unamkimbia mkeo.

Na doa nimeliona. Naam, lipo, kushoto ya kitovu, kama ulivyosema. Litakuwa la wino. Usihangaike nalo tena na usikisugue kioo cha darubini, utakichubua.

Nimeomba likizo, nakuja mwisho wa mwezi. Mpaka nifike, pumzisha macho. Usipande paa kila siku. Na kama kuna mwenzako wa kukushikia zamu kwenye kreni, mpe hata wiki moja, yadi ya vyuma haitahama. Swali la kijinga: fremu ya mlango wa chumbani kwenu, ukiitazama, imenyooka? Nakumbuka ulisema fundi aliipachika vibaya.

Dada yako,
Mama Mifupa

*

9 Machi

Wifi yangu,

Hii nimeitia kwenye bahasha yake, kwa jina lako. Isome ukiwa peke yako. Ningepiga simu, lakini simu yenu ni moja na anayeishika ni yeye.

Mumeo amenitumia picha mbili akaniuliza kama naona doa. Nimemjibu kwamba naliona. Wifi, hakuna doa. Nimezitazama kwa taa, nimezitazama kwa kioo, nimemwita mwenzangu wa zamu bila kumwambia natafuta nini. Hakuna kitu. Doa liko kwenye jicho lake la kulia.

Mama alianza hivi hivi. Alisema ukuta wa jikoni una alama ya moshi. Tuliupaka chokaa mara mbili, na bado akasema alama ipo, tukamcheka. Tulipokuja kuelewa, alikuwa hauoni tena uso wa mtu aliyesimama mbele yake. Mimi ndiye niliyemwambia, tena kwa mara moja, kama ninayesoma majibu ya mgonjwa wa mlangoni. Alilala kitandani akageukia ukuta, siku tisa hakuomba chakula. Aliyekuwa anamlisha kwa kijiko ni huyo mumeo.

Ndiyo maana nimeshindwa kumwandikia. Barua zangu anazisomea kule juu, kwenye kibanda cha kreni, mzigo ukining'inia. Nimeogopa neno langu limkute huko.

Mpeleke kliniki ya macho wiki hii. Mwambie unataka miwani ya kushonea mapazia yako, naye apime akiwa hapo hapo. Usingoje nije. Damu ikivuja nyuma ya jicho, kila siku inayopita ni hasara. Na tafuta hila yoyote asipande kreni, hata ukimfichia viatu. Nisamehe mwandiko.

Wifi yako

*

16 Machi

Dada,

Umenitua mzigo. Nimeisoma barua yako kibandani mara tatu, na nilipofika kwenye "nimeliona" nilipiga kelele mpaka mzee wa minyororo chini akadhani namwita. Huyu mzee ndiye anayefungua minyororo mhimili ukishatua. Ana kiti chake cha plastiki cha buluu, anakaa pale pale ninaposhushia mzigo, eti kuna kivuli. Kila siku namfokea, kila siku ananipungia mkono kama bibi harusi.

Kwa hiyo ni wino. Nitamwomba radhi mwenye duka. Galaksi nimeianza upya, safari hii nataka picha mia mbili. Kupumzika tutapumzika uzeeni.

Mlango umepinda, tena sasa umezidi, katikati kumeingia tumbo. Ukija tutafute fundi mwingine.

Salamu zako kwa wifi yako zimefika. Anashona tu, hana neno.

Bundi

*

25 Machi

Wifi,

Jana kwenye simu nililia tu, nikakukatia bila kueleza. Najua simu yetu ikilia kwako unafikiri nini. Yuko hai, na hakuna aliyekufa. Acha niandike yote, maana nikisema nitalia tena.

Juzi asubuhi alikuwa anashusha mhimili wa chuma wa tani mbili. Aliushusha polepole kama kawaida yake. Wenzake wanasema hata mkono wake haukutetemeka. Ukatua hatua mbili kando ya alama, juu ya kile kiti cha buluu. Mzee wa minyororo alikuwa ameinuka muda huo huo kwenda kunywa maji. Nimekiona hicho kiti, wifi, wamekiegemeza ukutani. Kimebaki bapa kama sahani.

Mume wangu hakushuka. Alikaa kibandani saa nzima, ikabidi mtu apande kumtoa vidole kwenye usukani kimoja kimoja. Alipofika nyumbani alisema neno moja: "Niliona pamenyooka."

Nilikwenda kutafuta kile kitambaa cheusi anachofunikia darubini nimfunike, kwa jinsi alivyokuwa anatetemeka. Kwenye sanduku la darubini, chini ya waya, nikakuta barua yako. Jina langu juu. Haijafunguliwa. Wiki mbili, wifi.

Na kuna jambo ambalo hulijui. Tarehe kumi na nne ilikuwa siku yake ya kliniki. Nilimwandikisha mwenyewe, kwa sababu nilimwona anamimina chai kando ya kikombe, halafu anapangusa meza na kujitia hamnazo. Alikuwa amekubali. Ikaja barua yako. Alinionyesha pale mstari wako ulipo, akasema, "Dada ameliona doa, na kazi yake ni kuona. Macho yangu hayana kitu." Nikairudisha kadi ya kliniki kabatini. Ningekubishiaje wewe, mtu wa hospitali?

Mlango wetu umenyooka. Njoo, usingoje mwisho wa mwezi.

Wifi yako

*

14 Aprili

Dada,

Naandika kwa herufi kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza, nivumilie.

Jicho la kulia halitarudi. Sindano zimezuia damu isisambae, basi. Daktari ameniambia tena, taratibu, kwamba ningekuja wiki mbili mapema tungeokoa kitu. Nikimtazama wifi yako kwa jicho hilo namwona hereni na kitambaa cha kichwani, katikati hakuna mtu. Kwenye yadi wamenishusha, niko stoo napaka minyororo grisi. Mzee wa minyororo anakuja kuniletea chai. Hasemi lolote kuhusu kiti. Ningefurahi angenitukana.

Ulikaa kwetu siku kumi. Ulinishika mkono ngazi zote za hospitali, ulinipikia, ulinichekesha, ukaondoka. Jana wifi yako amenisomea ile barua yake. "Hakuna doa." Dada, nilikuuliza kitu kimoja tu. Sikukuuliza dawa, nilikuuliza kama unaliona. Kazi yako ni kumwambia mtu kilichopo. Watu usiowajua unawaambia, mimi ukanificha. Mtu wa watu angekalia kiti chake dakika moja zaidi, ningekuwa muuaji kwa neno lako.

Hapo niliiacha barua hii, nikaenda kukaa kwenye ngazi. Nimerudi, na hasira imeniishia njiani, kwa sababu kuna yangu pia.

Barua ya wifi yako niliificha mimi. Niliiona bahasha, nikajiuliza Dada ana siri gani na mke wangu, na jibu likaja lenyewe. Nikaichimbia sandukuni. Nilikudanganya kwamba salamu zimefika.

Na kingine. Katika barua ya kwanza sikukuambia kwamba doa lilikuwa linahama. Nikitazama kitovu, liko kando ya kitovu. Nikitazama pembe ya picha, liko kando ya pembe. Lilikuwa linanifuata, Dada. Wino haufuati mtu. Nilimlisha mama mwaka mzima, nilijua ninachokiona. Nilikutumia zile picha ili useme umeliona, nawe ukasema.

Kinachonikosesha raha sasa ni la kushoto. La mama lilifuata baada ya miezi mitano.

Mdogo wako

*

20 Aprili

Mdogo wangu,

Sina utetezi. Niliogopa, nikauita uoga wangu huruma. Siku kumi nilizokaa kwenu kila asubuhi niliamka nikiapa leo nitakuambia, na kila asubuhi ulinitania kuhusu uji wangu, nikanywea. Ningesema ukweli tarehe tisa ungelia, ungenuna, pengine ungelala siku tisa kama mama. Lakini ungekuwa na jicho. Hilo nalijua kila ninapowasha taa ya ukutani, na hakuna siku nisiyoiwasha.

Nakutumia karatasi ya miraba yenye nukta katikati. Ibandike mahali unaponyolea ndevu. Kila asubuhi funika jicho la kulia, tazama nukta. Mistari ikipinda hata mmoja, au pakitokea doa, usiniandikie, usimwulize mtu, nenda kliniki siku hiyo hiyo. La kushoto likiwahiwa linaokoka. Daktari aliniambia hivyo mimi na wewe tukiwa tumekaa, ila wewe ulikuwa unatazama ukuta.

Na kuanzia leo ukiniuliza nimeona nini, nitakuambia nilichokiona. Hata kama ni kibaya. Najua neno langu kwako halina uzito tena, lakini ndilo nililonalo.

Dada yako

*

5 Juni

Dada,

Wiki sita mistari imenyooka. Nilianza kuzoea. Nikapandisha darubini tena, wifi yako akinisomea namba za kulenga kwa tochi nyekundu huku akilalamika mbu. Tumepata picha mia mbili na kumi. Nimeichapisha.

Kuna doa.

Chini ya kitovu, mkono wa kushoto unapoanza kujikunja. Dogo kuliko lile. Nimelitazama kwa jicho la kushoto, maana la kulia sina. Karatasi ya miraba bado imenyooka, lakini nimeitazama sana leo mpaka mistari inacheza, sijui kama ni jicho au ni woga. Nikihamisha jicho kwenye picha, mara nadhani doa linabaki, mara nadhani linanifuata. Nimeshindwa kujiamini. Wifi yako anasema analiona, lakini wifi yako kwa sasa angesema anaona hata treni, ilimradi nilale.

Kliniki ya hapa daktari wa macho anakuja Alhamisi, na Alhamisi hii amesafiri, ni ile ijayo. Najua ulisema nisikuandikie. Nimejiandikisha kwanza, ndipo nikakaa kuandika. Siku zote hizi nitazipitishaje? Nikifumba macho namwona mama ameugeukia ukuta.

Picha hii hapa. Wewe ndiye ninayekudai ukweli, kwa hiyo nakuuliza wewe. Unaliona au hulioni? Usinihurumie, Dada. Nakuomba.

Bundi

*

9 Juni

Bundi,

Nimeipata leo saa nne, nimeiacha foleni ya wagonjwa nje.

Kwanza picha. Nyota zako za pembeni zimekuwa ndefu kama punje za mchele, hukulenga vizuri. Mkono wa juu umefifia kuliko ule wa Machi. Hayo nimeyaona na nayasema.

Doa lipo.

Najua umesimama hapo na karatasi mkononi unajiuliza kama nimerudia. Ningekuwa wewe nisingeniamini. Nilitaka kuwaita wenzangu watie sahihi nyuma ya picha, nikaona ni bure, utasema nimewapanga. Basi nakurudishia picha, nimeifanyia hivi. Nimechukua sindano nikatoboa picha pale pale doa lilipo, katikati yake, kwa nyuma, halafu nikalilaza mbele kwa ukucha ili tundu lisionekane kwa macho. Sikukuandikia liko umbali gani kutoka ukingoni. Umenitajia upande tu; mimi siko kwako, siwezi kujua wewe unaliona wapi hasa isipokuwa liwe liko kwenye karatasi.

Kaa mezani. Tazama kwa jicho la kushoto, weka ncha ya kalamu juu ya doa unaloliona. Usiitoe. Mwambie wifi aingize kidole chini ya picha apapase mahali kalamu ilipo. Likiwa ni jicho lako, kalamu itatua popote. Likiwa ni la picha, kidole chake kitagusa tundu.

Na vyovyote itakavyokuwa, Alhamisi unakwenda.

Sitapiga simu. Nawe usipige, tafadhali. Ikilia kabla ya barua sitaweza kuipokea.

Dada yako

*

13 Juni

Dada,

Barua yako ilifika jana jioni nikiwa stoo. Sikuifungua huko. Nilikuja nayo nyumbani nikampa wifi yako aisome kwa sauti, na alipofika "doa lipo" nilimwambia anyamaze, nikatoka nje, nikarudi, nikamwambia aendelee.

Tulisafisha meza. Nilifunika la kulia kwa kiganja. Kalamu ilinitoka mara mbili. Mara ya tatu niliishika kwa ngumi kama mtoto, nikaiweka juu ya doa, nikafumba macho yote mawili. Wifi yako akaingiza mkono chini ya picha. Alikuwa analia kabla hajagusa kitu, kwa hiyo sikujua analilia lipi. Nikasikia ukucha wake unakwaruza karatasi, polepole, unasogea, unasimama. Halafu ncha ya kalamu ikazama kidogo, ikamchoma kidole.

Ni vumbi, Dada. Leo asubuhi nimeifungua kamera nikalikuta. Nimelitoa kwa ncha ya kitambaa nikalibandika kwenye karatasi hii kwa gundi, hapa chini ya jina langu. Litazame.

Nimeandika nikiwa kwenye benchi la kliniki. Bado watu wanne mbele yangu.

Bundi